MENO YA MBELE: KABLA HUJALIVISHA JINO KOFIA

Katika toleo hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya meno ya mbele, hasa yale sita ya juu ambayo mtu akicheka ndiyo yanayotangulia kuonekana. Tumechagua jambo hili kwa sababu sisi wauguzi, kila siku ya kliniki ya meno, tunaulizwa swali lile lile na watu wa rika zote: "Sista, hili jino langu laweza kuvishwa kofia likaonekana kama la kuzaliwa nalo?" Jibu fupi ni ndiyo, laweza. Lakini jibu hilo fupi limewaponza wengi, maana kofia ya jino ikishavaliwa haivuliwi kama kofia ya kichwani. Tunawaomba basi msome hadi mwisho kabla hamjauza mbuzi.

Wanaouliza ni wa namna mbalimbali. Wapo vijana walioanguka na pikipiki au baiskeli, jino likakatika nusu. Wapo waliopigwa kiwiko mpirani, na wapo, tuseme ukweli, akina mama waliopigwa nyumbani, ingawa kwenye daftari wanaandikisha kwamba waliteleza bafuni. Yupo mzee aliyezoea kufungua soda kwa meno. Wapo wenye jino moja lililogeuka la kijivu miaka mingi baada ya kuumia utotoni. Na kwa upande wetu huku, chini ya Mlima Meru, kundi kubwa kuliko yote ni la wale waliozaliwa na kukulia hapa, ambao meno yao yana rangi ya kahawia tangu siku yalipoota. Hawa ndio wanaoziba mdomo kwa kiganja wanapocheka. Tumemjua msichana mmoja, mwimbaji mzuri wa sauti ya kwanza, aliyeacha kwaya kwa sababu mpiga picha wa harusi alimwambia mbele za watu afunge mdomo. Mtu asituambie kwamba haya ni mambo ya urembo tu.

KOFIA YA JINO NI KITU GANI?

Madaktari wa kinywa na meno huiita krauni. Watu wetu husema kofia, na neno hilo linatosha. Jino lina gamba gumu la nje liitwalo enameli, ambalo ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kushinda hata mfupa. Chini yake kuna tabaka la manjano liitwalo dentini, na ndani kabisa kuna kiini chenye neva na mishipa ya damu. Ili kofia ikae bila kufanya jino liwe nene kama kidole, daktari hana budi kulipunguza jino pande zote. Kwa kofia ya kauri ya jino la mbele hupunguza milimita 1 hadi 1.5 kuzunguka, na hadi milimita 2 hivi kwenye ncha. Mtaona kwamba kinachobaki ni kigingi kidogo, na juu ya kigingi hicho ndipo kofia inapogandishwa.

Enameli ikiondolewa haioti tena. Ngozi ikichubuka hupona, na mfupa ukivunjika huunga, lakini gamba la jino likishakwanguliwa limekwenda. Kwa hiyo anayevishwa kofia akiwa na miaka 20 ajue kwamba atahitaji kofia maisha yake yote. Kofia nzuri iliyotunzwa hukaa miaka 10 hadi 15, na nyingine zaidi, kisha hubadilishwa, na kila mabadiliko yana gharama yake na jino huzidi kupungua. Aidha, baadhi ya meno yaliyopunguzwa kiini chake hufa baadaye, likatokea jipu, ikabidi kutibu mzizi.

Mwaka mmoja alifika kwetu kijana wa miaka 23, shavu limevimba hata jicho halifunguki. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amepunguzwa meno sita ya juu na mtu aliyefanya kazi hiyo katika chumba cha kupanga mjini, akavishwa kofia nene, nyeupe kama sahani ya chai, zilizoingia ndani ya fizi. Fizi zilikuwa zimeoza pembeni na zilinuka. Kwa maelezo ya mama yake, meno yale kabla ya hapo yalikuwa ya kahawia lakini mazima, hata moja halikuwa na tundu. Tulimpeleka hospitali ya rufaa. Meno mawili yalitibiwa mizizi, moja likang'olewa. Mama yake alikaa kwenye benchi la nje akihesabu kwa vidole fedha zilizokwisha kwenda na zile zinazohitajika. Hatuwezi kumlaumu kijana. Alichotaka ni kucheka kama wenzake. Lakini kama angelikuja kuuliza mapema, angaliambiwa kwamba zipo njia ndogo zaidi.

JINO LA KAHAWIA SI LAZIMA LIWE BOVU

Wengi wanadhani rangi ile ni uchafu au uvivu wa kupiga mswaki. La hasha. Inatokana na madini ya floraidi yaliyozidi katika maji. Miamba ya volkano ya eneo hili huyaachia madini hayo katika chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya mteremko wa Meru, pamoja na vile vya upande wa Maji ya Chai, vinapita kikomo hicho mara kadhaa. Magadi tunayotia kwenye maharage na kiburu huongeza floraidi juu ya ile iliyomo katika maji.

Floraidi hii hudhuru enameli wakati inapotengenezwa tu, yaani wakati jino lingali ndani ya taya. Kwa meno ya mbele ni tangu mtoto anapozaliwa hadi miaka 4 au 5 hivi. Mtu mzima aliyehamia hapa kutoka Mtwara hawezi kugeuka meno yake yakawa ya kahawia kwa sababu hiyo, hata akinywa maji yetu miaka 30. Na aliyezaliwa nayo hawezi kuyaondoa kwa kusugua. Tumeona waliosugua kwa msasa, kwa mchanga, kwa mkaa uliotwangwa, hata kwa maji ya betri. Wanachofanikiwa ni kumaliza enameli na kufikia dentini, ambayo ni ya manjano zaidi na huuma kila linapoguswa na kitu baridi.

Sasa, ubovu wenyewe una daraja. Wengine wana mistari meupe kama chokaa, hawa hawahitaji kitu. Wengine wana madoa ya kahawia juu ya gamba lililo imara. Wengine, na hao ndio wenye shida ya kweli, gamba lina vishimo na linamegukameguka. Kwa madoa ya juu juu, daktari anaweza kusugua tabaka jembamba sana la enameli kwa tindikali hafifu iliyochanganywa na unga maalumu, fizi zikiwa zimekingwa kwa mpira, na baada ya hapo kung'arisha jino kwa dawa. Anaondoa sehemu ndogo mno ya milimita, wala hachongi jino. (Jambo hili lisijaribiwe nyumbani, tafadhali.) Kwa vishimo vichache, hujaza kwa dawa yenye rangi ya jino, inayogandishwa kwa taa ya buluu, kazi ambayo kwa kawaida humalizika siku hiyo hiyo. Ikishindikana, kipo kigae chembamba cha kauri kinachobandikwa upande wa mbele tu, ambacho hula jino kidogo kuliko kofia. Kofia kamili inakuja mwisho, kwa jino lililomeguka sana, au lililovunjika zaidi ya nusu, au lililotibiwa mzizi na kubaki dhaifu.

Hata jino moja lililokufa na kugeuka kijivu si lazima livishwe. Likitibiwa mzizi, dawa ya kung'arisha huweza kuwekwa ndani yake kwa siku kadhaa, na mara nyingi rangi hurudi. Muulizeni daktari jambo hili kwa kinywa chenu wenyewe, maana asiyeulizwa huenda asiseme.

Kwa watoto na vijana ambao hawajatimiza miaka 18 tunasema wasubiri. Kiini cha jino changa ni kikubwa, na ukilipunguza unakikaribia. Jino la kijana lililovunjika hujengwa kwa dawa ya rangi ya jino hadi akue.

KAURI, CHUMA, NA ZIRKONIA

Wazee wa pwani wanakumbuka jino la dhahabu, lililokuwa fahari kwa bibi harusi na kwa nahodha. Dhahabu ni nzuri kwa gego, haimli mwenzake wa chini, lakini leo wachache wanaitaka mbele. Kofia ya kauri tupu ilianza kutumika mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kazi ya daktari Charles Land wa Detroit, Marekani. (Huyu ndiye babu mzaa mama wa Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1927.) Kauri ile ilipendeza ila ilivunjika upesi. Baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, wakapata njia ya kuyeyushia kauri juu ya chuma, na kofia za namna hiyo bado zinatengenezwa kwa wingi hadi leo kwa kuwa ni imara na bei yake ni nafuu kidogo.

Kasoro yake kwa jino la mbele ni mwanga. Jino halisi huruhusu mwanga kupenya kidogo, hasa kwenye ncha. Tazameni jino la mtoto juani mtaona ukingo wake unakaribia rangi ya maji. Chuma hakipitishi mwanga, kwa hiyo fundi hulazimika kukificha kwa kauri nzito, na jino huonekana limekufa. Tena fizi zikirudi nyuma baada ya miaka, mstari wa kijivu hutokeza shingoni mwa jino. Ukimwona mtu ana jino zuri lakini lina kama wanja chini ya fizi, ujue ni kofia ya chuma ndani.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000 zimekuja kauri ngumu zisizohitaji chuma. Mojawapo ni zirkonia, ngumu sana na nyeupe. Nyingine ni kauri za kioo, ambazo hupitisha mwanga vizuri zaidi na kwa meno ya mbele ndizo ambazo madaktari wengi huzipendelea, isipokuwa pale jino la chini ni jeusi sana au lina nguzo ya chuma, maana weusi huo utaonekana kupitia kauri. Hapo zirkonia, au hata kauri juu ya chuma, huficha vizuri zaidi. Hakuna aina moja iliyo bora kwa kila mtu. Muuzaji anayewaambia vingine ana mzigo dukani anataka uishe.

RANGI: HAPA NDIPO WENGI WANAPOKOSEA

Watu huingia wakisema, "Nataka nyeupe kabisa." Tunawaonyesha kioo tunawaambia watazame meno ya mtu yeyote mwenye meno mazuri. Hayana rangi moja. Shingoni, karibu na fizi, ni ya manjano kidogo, katikati yanang'aa, nchani yanaelekea kijivu au buluu hafifu. Chonge huwa na rangi nzito kuliko meno mawili ya katikati. Mtu wa miaka 50 ana meno yaliyokolea kuliko mwanawe. Jino lililopakwa weupe mmoja kutoka juu hadi chini, kama ukuta wa ofisi ya kijiji, linajulikana kuwa la bandia kutoka ng'ambo ya barabara.

Daktari hutumia kibao chenye vijino vya mfano. Kile kinachotumika sana kina rangi 16, zilizopangwa kwa herufi A, B, C na D: A zinaelekea wekundu na kahawia, B zinaelekea manjano, C ni za kijivu, D za kijivu chenye wekundu. Kazi hiyo ina masharti yake, na ninyi mnaweza kuisaidia. Kwanza, rangi ichaguliwe mwanzoni, kabla jino halijachongwa na kabla mdomo haujakaa wazi muda mrefu. Jino likikauka hata dakika chache huonekana jeupe kuliko lilivyo, na atakayepima hapo atapata kofia nyeupe mno. Pili, iwe mchana, karibu na dirisha, si chini ya taa ya kiti. Asubuhi sana na jioni mwanga ni mwekundu. Tatu, akina mama waje bila rangi ya mdomo, na wote waje na nguo isiyo kali. Tulimwona bibi mmoja aliyevaa kitenge cha rangi ya chungwa, ikabidi afunikwe shuka jeupe la hospitali hadi kidevuni ndipo rangi ya meno ikaonekana. Nne, anayetaka kung'arisha meno mengine kwa dawa afanye hivyo kwanza, asubiri kama wiki 2 rangi itulie, ndipo kofia ilinganishwe. Kauri haing'ariki kwa dawa. Ukishavaa kofia ya manjano itabaki ya manjano, na ukivaa nyeupe, meno mengine ndiyo yatakayoifuata au yatakayoisuta.

Na hapa tuna neno kwa watu wa Meru na Kilimanjaro. Kama meno yako yote yana rangi ya kahawia hafifu na umevunja moja tu, kofia nyeupe safi itakuwa kama bati jipya kwenye paa la zamani. Watu watalitazama hilo moja na kuyahukumu mengine. Ndipo mtu anaposhawishika kuvisha sita, halafu nane, na meno mazima yanachongwa kwa ajili ya moja lililovunjika. Fundi sanifu wa meno aliye hodari anaweza kuchora ndani ya kauri mstari mwembamba wa kahawia na wingu jeupe, vikafanana na vya jirani yake, kisha akaichoma tanuruni. Tumewahi kuona kazi ya namna hiyo ambayo sisi wenyewe, tukiwa na tochi, hatukujua jino la kofia ni lipi hadi mgonjwa alipotuonyesha. Basi mwambieni daktari: sitaki jeupe, nataka lifanane na wenzake. Mkiweza, ombeni fundi awaone kwa macho yake. Akiwa mbali, daktari apige picha ya meno pamoja na kijino cha mfano kimeshikwa kando, aitume pamoja na kipimo.

Umbo nalo lina maneno yake, ingawa si mengi. Chukua picha ya zamani uliyocheka, si ya pasipoti. Ya Komunyo ya Kwanza au ya harusi inafaa. Ikiwa una mwanya, sema mapema. Vitabu vingi vya meno vimeandikwa na watu wanaouona mwanya kuwa kasoro ya kuzibwa, na kwetu mwanya watu wameuimba. Dada mmoja alirudi kutoka mjini mwanya wake umezibwa na kofia mbili nzuri sana, akalia siku nzima. Mumewe alisema ameletewa mke mwingine.

SAFARI ZA KWA DAKTARI

Hesabuni safari tatu kwa uchache. Ya kwanza ni ya uchunguzi: picha ya eksirei ili kuona mzizi, kupima kiini kama kiko hai, na kusafisha fizi. Fizi zinazotoka damu lazima zipone kwanza, maana kipimo kilichochukuliwa kwenye damu hakina ukweli, na kofia itakayotoka humo haitafunga vizuri shingoni. Daktari anayekuchonga siku ya kwanza bila eksirei, inuka uende zako.

Safari ya pili rangi huchaguliwa, sindano ya ganzi huchomwa, jino huchongwa, kipimo huchukuliwa kwa dawa laini inayoganda au kwa kamera ndogo, na unavishwa kofia ya muda ya plastiki. Kofia hii ya muda ina kazi: inakinga jino, nawe unapata siku kadhaa za kuona urefu unakufaa au la. Kama unauma mdomo, kama maneno hayatoki sawasawa, urudi useme kabla ya kauri kutengenezwa.

Safari ya tatu ndiyo muhimu, na ndiyo ambayo watu huipitia kwa haya. Kofia hujaribiwa kwanza bila kugandishwa. Hapo usikubali kuharakishwa. Omba kioo, usogee dirishani, mwite uliyekuja naye atazame. Cheka. Sema "fedha", "vitu", "fimbo": ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini taratibu bila kuukandamiza. Sema "thelathini na tisa": ulimi usikwame wala hewa isipige mluzi. Daktari ataweka karatasi ya rangi uume ili aone kama kofia inagonga kabla ya meno mengine. Ukisema haifai, inarudi kwa fundi kuongezwa au kupunguzwa rangi. Ikishagandishwa, njia ya kuitoa mara nyingi ni kuikata vipande. Mama zangu, hapo si pahali pa kusema "ahsante daktari, ni sawa tu" kwa heshima.

Bei hatuandiki kwa kuwa hutofautiana kutoka kliniki hadi kliniki na aina hadi aina. Ulizeni bei ya kazi nzima, pamoja na eksirei, tiba ya mzizi na kofia ya muda, na ulizeni itakuwaje ikivunjika mwaka wa kwanza. Wenye bima waulize bima yao kwanza. Na jihadharini na vishoka wanaobandika vigae vya plastiki kwa gundi ya dukani, na meno ya kuchomeka yanayotangazwa kwenye simu. Chakula hukaa chini yake, na jino huoza gizani. Daktari halali ana cheti chake ukutani na vyombo vyake vinachemshwa kwa mvuke. Kuomba kuviona si utovu wa adabu.

KWA WENYE WATOTO WADOGO

Kofia zote hizi ni za kurekebisha kilichokwisha haribika. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 8 ana nafasi ambayo sisi wengine hatukuipata. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki ile ile. Chujio la mshumaa wala mtungi haviiondoi. Kinachosaidia ni maji ya mvua, au maji kutoka chanzo kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaratibu maalumu. Kituo cha serikali cha Ngurdoto hapa Arumeru kimefanya kazi hiyo ya mkaa wa mifupa, na wenzetu wa Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya nao wameifanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kama maji safi ni machache nyumbani, yatengeni kwa uji, chakula na kinywaji cha wadogo. Wakubwa waoge na kufulia haya mengine. Chakula cha mtoto kipikwe bila magadi. Chai ya rangi nayo ina floraidi, mtoto wa miaka 2 hana haja nayo. Dawa ya meno tusiikatae, kwani inazuia kuoza, ila kwa mtoto mdogo iwe kiasi cha punje ya mchele na afundishwe kutema.

KOFIA IKITOKA, AU JINO LIKITOKA

Aliyekwisha kuvaa kofia apige mswaki mara mbili kwa siku hasa pale inapokutana na fizi, na apitishe uzi kati ya meno. Kauri haiozi lakini jino lililo chini yake huoza. Muwa ukatwe kwa kisu, mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe, mfupa na kizibo cha soda viachwe. Anayesaga meno usiku amwambie daktari atengenezewe kinga ya kuvaa akilala.

Kofia ikichomoka, usiigandishe kwa gundi ya viatu wala gundi ya haraka. Ioshe, iweke kwenye kopo safi, nenda nayo kliniki ndani ya siku chache, na usilitumie jino lile kuuma. Jino likivunjika, tafuteni kipande, kitieni kwenye maziwa au maji, mje nacho. Mara nyingi huweza kuunganishwa pale pale na kofia isihitajike. Na jino zima la ukubwani likingʼoka kwa ajali, lishikeni upande wa kichwa si wa mzizi, lisuuzeni kwa maziwa au maji bila kulisugua, mlirudishe tundu lake na mtoto aume kitambaa. Mkishindwa, litieni kwenye kikombe cha maziwa, mkimbie nalo. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Jino la utoto halirudishwi. Kliniki yetu ya meno hufungwa jioni, lakini kwa jino lililong'oka gongeni mlango wa wodi, muuguzi wa zamu atamwita tabibu.